Namna ya Kusoma Mihuri ya Kale ya Posta ya Japani kwenye Barua Zilizokwenda Nje

Katikati ya muhuri pana tarehe: 10.11.12. Juu yake kuna herufi mbili za Kijapani, chini yake kuna saa. Kadi yenyewe ina picha ya bandari ya Kobe na imeelekezwa Bombay. Aliyeniuzia alikuwa ameandika pembeni kwa penseli, "1912". Nikamwamini, nikalipa bei ya kadi ya 1912 na kuiandika hivyo kwenye daftari. Ikapita miaka miwili kabla sijagundua kwamba yeye na mimi tuliisoma kinyumenyume.

Kosa hilo ndilo lililonifanya nianze kuisoma mihuri hii kwa makini badala ya kuikusanya kwa macho tu. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku ile, kabla sijatoa pesa mfukoni.

Kwanza, chagua kona yako

Posta ya kisasa ya Japani ilianza 1871, kwa mpango wa Maejima Hisoka. Lakini barua kutoka Japani kwenda nje zilikuwa zikisafiri kabla ya hapo, kwa mikono ya wageni. Waingereza, Wafaransa na Wamarekani walikuwa na ofisi zao za posta kwenye miji ya bandari kama Yokohama. Barua ya wakati huo kutoka Yokohama inaweza kuwa na stempu ya Hong Kong iliyopigwa alama ya "Y1", na ile ya Hiogo, yaani Kobe, ikapigwa "D30". Ofisi ya Wafaransa ya Yokohama ilitumia namba 5118. Ukiona stempu ya Ufaransa yenye namba hiyo ndani ya nukta, jua ilitumika Japani.

Mapatano ya posta kati ya Japani na Marekani yalianza kufanya kazi Januari 1875, na ofisi za Wamarekani zikafungwa. Juni 1877 Japani ikaingia Umoja wa Posta Duniani. Waingereza walifunga ofisi zao mwisho wa 1879, na Wafaransa wakafuata 1880. Tangu hapo barua iliyotoka Japani ilitoka kwa stempu na muhuri wa Japani.

Nimeitaja historia hii kwa sababu ya bei. Bahasha za kabla ya 1880 ni ghali, na ndizo zinazoghushiwa zaidi. Anayeanza asianzie huko. Mimi ningemshauri achukue kadi za picha za kati ya 1906 na 1940, zilizopita mji mmoja tu. Yokohama inafaa, na Kobe inafaa pia. Kadi hizi zilitumwa kwa wingi na watalii, mabaharia, wamisionari na wafanyabiashara, kwa hiyo bado zinapatikana kwa bei ya kawaida kwenye minada na kwenye makasha ya wauza vitu vya kale. Mji mmoja utakufundisha mihuri yote mikuu bila kukuchosha kwa majina elfu moja ya vijiji.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kona nyingine ambayo wengi hawaioni. Miaka ya 1920 na 1930 vitambaa vya pamba kutoka Japani vilijaa madukani Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kanga zikiwemo. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilifungua njia ya Afrika mwaka 1926. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na ofisi Kobe na Osaka, na walikuwa na ndugu na wateja huku pwani. Bahasha walizoandikiana zipo. Nyingine zimelala kwenye majalada ya hesabu ya maduka ya zamani, na wenyewe wanadhani ni takataka.

Usiloweke chochote

Tulipokuwa watoto tulikata stempu na kipande cha bahasha, tukaitia kwenye beseni la maji, tukaibandua na kuianika juu ya gazeti. Tabia hiyo iache kabisa. Muhuri unakaa nusu juu ya stempu na nusu juu ya karatasi, na ukiloweka umeukata vipande viwili. Anwani, mihuri ya nyuma, jina la meli lililoandikwa kwa kalamu na nauli iliyolipwa vyote ni ushahidi, na vyote viko kwenye bahasha nzima. Kuna stempu ambazo peke yake hununui nazo hata kikombe cha chai, lakini zikiwa juu ya bahasha yake zinagombaniwa.

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara 10, kibano butu cha stempu, rula yenye milimita, na skena au simu yenye kamera nzuri. Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Kisha tumia programu yoyote ya picha kuondoa rangi ya stempu. Stempu ikiwa nyekundu, ondoa wekundu na wino mweusi wa muhuri utabaki peke yake. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani ni mazingaombwe.

Tambua umbo kabla ya kusoma neno

Kabla hujahangaika na herufi, angalia umbo la muhuri. Umbo peke yake litakupa kipindi.

Muhuri wa duara moja lililokatwa na mstari mmoja katikati, Wajapani wanauita maruichi. Ulianza kutumika 1888. Nusu ya juu ina jina la jimbo la kale na la mji. Kwa mfano 武蔵 (Musashi) na 横濱 (Yokohama). Nusu ya chini ina mwaka, mwezi, siku na zamu ya ukusanyaji wa barua. Namba zake zimeandikwa kwa herufi za Kijapani, na hapo kuna alama moja ya kukariri: 廿, yaani 20. Ukiona 廿八年, ni mwaka wa 28.

Mwaka 1906 ukaja muhuri ambao utakutana nao kuliko yote, kushigata, yaani "umbo la chanuo". Ni duara lenye mistari miwili inayolipita katikati, na tarehe imekaa kati ya mistari hiyo. Juu na chini ya ukanda wa tarehe kuna vijistari vya wima vilivyosimama kama meno ya chanuo, ndipo jina lilipotoka. Juu lipo jina la ofisi, na chini mara nyingi ipo saa: 前 ni kabla ya adhuhuri, 后 ni baada ya adhuhuri.

Aina ya tatu ni mihuri ya herufi za Kirumi, iliyotengenezwa hasa kwa barua za nje: YOKOHAMA, KOBE, NAGASAKI, TOKIO, na chini yake JAPAN. Iangalie tahajia. Mihuri ya zamani inaandika TOKIO na HIOGO, ya baadaye TOKYO na KOBE. Katika miaka ya 1930 neno JAPAN likaondolewa, likaja NIPPON, na baada ya vita JAPAN likarudi. Kwa hiyo muhuri ukifutika wote ukabakiwa na "…PON", bado umepata muongo.

Barua iliyoanzia kijijini kwa kawaida ilipigwa muhuri wa Kijapani kwenye ofisi iliyoipokea, kisha ikapigwa wa Kirumi kwenye bandari ilipotokea. Usishangae kuona yote miwili. Shukuru, kwa sababu mmoja utakusaidia kuusoma mwenzake.

Tarehe: hapa ndipo watu wanapoanguka

Sisi watu wa pwani hatukupaswa kukosea hapa. Tumekulia kwenye nyumba zenye kalenda ya Hijria na ya Miladia kwenye karatasi moja ukutani, na saa ya mkononi inayosema saa saba wakati sisi tunasema saa moja. Tunajua kwamba namba haina maana mpaka umeuliza, "Ya hesabu gani?"

Muhuri wa herufi za Kijapani huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Na mwaka wenyewe unahesabiwa tangu enzi ya mfalme aliyetawala. Kwa Meiji ongeza 1867, kwa Taisho ongeza 1911, kwa Showa ongeza 1925. Muhuri wa herufi za Kirumi kwa kawaida hufanya kinyume: siku, mwezi, mwaka, na mwaka ni wa Miladia.

Sasa turudi kwenye kadi yangu ya Kobe. Kama muhuri ungekuwa wa Kirumi, 10.11.12 ingekuwa tarehe 10 Novemba 1912, na muuzaji angekuwa sahihi. Lakini juu ya tarehe palikuwa na 戸神. Hilo ni jina la Kobe, 神戸, lililosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama ilivyokuwa desturi kabla ya vita. Kwa hiyo ni mwaka wa 10, mwezi wa 11, tarehe 12.

Mwaka wa 10 wa enzi ipi? Meiji 10 ni 1877, na muhuri wa chanuo ulikuwa bado haujazaliwa, basi hiyo inatoka. Zinabaki Taisho 10, yaani 1921, na Showa 10, yaani 1935. Muhuri peke yake haukutosha kuamua, nikageuza kadi.

Upande wa anwani wa kadi za Kijapani una maandishi 郵便はがき, yaani "kadi ya posta". Kadi za zamani zimeandikwa はかき, bila vijinukta viwili kwenye herufi ya か. Kuanzia 1933 vijinukta vikaongezwa, ikawa が. Ni vidogo kama alama ya sindano, na vimetatua mabishano mengi kuliko kamusi. Kadi yangu haikuwa navyo. Hiyo ikaelekeza 1921, ingawa mtu anaweza kutuma mwaka 1935 kadi aliyoinunua zamani. Kilichomaliza kesi ni stempu: ilikuwa moja tu, ya sen 4 (sen ni sehemu moja ya mia ya yen), na hiyo ndiyo iliyokuwa nauli ya kadi ya nje miaka ile, kabla haijapanda 1922. Tarehe 12 Novemba 1921. Nilikuwa nimelipia miaka tisa isiyokuwepo.

Mstari unaogawa upande wa anwani nao unasema. Kadi zisizo na mgawanyo ni za kati ya 1900, watu binafsi waliporuhusiwa kuchapisha kadi za picha, na 1907. Zenye mstari unaoacha theluthi moja kwa ajili ya ujumbe ni za 1907 hadi 1918. Zenye mstari katikati ni za 1918 na kuendelea. Haya yanakuambia kadi ilichapishwa lini tu. Kadi inaweza kutumwa miaka mingi baada ya kuchapishwa, ila haiwezi kutumwa kabla.

Mtego mwingine: 1.12.28 kwenye muhuri wa Kijapani. Mwaka wa kwanza wa Showa ulidumu siku saba tu, tarehe 25 hadi 31 Desemba 1926, kwa hiyo mihuri ya siku hizo inatafutwa sana. Lakini Taisho nayo ilikuwa na Desemba ya mwaka wa kwanza, ya 1912, na namba zinafanana herufi kwa herufi. Ukiuziwa "Showa 1" kwa bei kubwa, geuza kadi utazame mstari wake. Mstari huo ukiwa umeacha theluthi moja, kaa chini umuulize muuzaji vizuri.

Programu za simu zinazotafsiri kwa kamera zisikudanganye. Nyingi huanza kushoto, na zikikuta herufi za kale kama 濱, ambayo leo huandikwa 浜, hukosea au hunyamaza. Njia ya uhakika ni kuchora herufi moja moja kwa kidole kwenye kamusi ya simu. Chache tu zitakutosha kwa kuanzia: 年 mwaka, 月 mwezi, 日 siku, 東京 Tokyo, 大阪 Osaka, 神戸 Kobe, 長崎 Nagasaki, 横濱 Yokohama.

Fuata safari yake

Sasa geuza bahasha. Nyuma ndiko ofisi za njiani na ofisi ya kupokea zilikopiga mihuri yao. Ninayo bahasha moja iliyotoka Kobe, muhuri 11.3.38 NIPPON, yenye stempu za jumla ya sen 20, imeelekezwa kwa duka la nguo Mombasa. Nyuma ina muhuri wa Mombasa wa tarehe 16 Aprili 1938. Siku 36. Karatasi imekunjika mara moja katikati, na pembeni kuna hesabu ya majora iliyoandikwa kwa penseli, mkono wa mtu aliyekuwa na haraka. Sijui meli ipi iliibeba, lakini ratiba za meli zilichapishwa magazetini, na siku nikipata magazeti ya Machi na Aprili ya mwaka ule nitajua.

Maneno ya mbele nayo yana kazi. "Via Siberia" ina maana ilipelekwa Ulaya kwa reli, na "Via America" ilivuka Pasifiki. Muhuri wenye I.J.P.O. ulipigwa kwenye ofisi ya posta ya dola ya Japani nje ya nchi yake, kama ile ya Shanghai iliyofunguliwa 1876. Ofisi za Japani kwenye miji ya China zilifungwa mwisho wa 1922, isipokuwa zile za Kwantung, eneo la kusini mwa Manchuria lililoshikwa na Japani, na kandokando ya reli ya Manchuria. Basi barua ya Shanghai yenye muhuri huo ikidai kuwa ya 1930, itilie shaka.

Halafu kuna mihuri ya baharini. Baadhi ya meli zilikuwa na posta ndani, na muhuri wake unaandika jina la meli pamoja na I.J. SEA POST. Pale ambapo meli haikuwa na posta, abiria alibandika stempu ya nchi ya bendera ya meli, na barua ikashushwa bandari iliyofuata na kupigwa muhuri wa hapo pamoja na neno PAQUEBOT. Ndiyo maana stempu ya Kijapani inaweza kuwa na muhuri wa bandari ya mbali kabisa na Japani. Usiitupe ukidhani ni kosa. Mimi hizi nazipenda kuliko zote.

Ghushi na ukumbusho

Enzi ya Meiji watalii waliuziwa Japani stempu za kuiga, zimebandikwa kwa kupangwa kwenye karatasi nzuri, na nyingi zikiwa na "muhuri" juu yake tayari. Kwenye nyingi kuna maandishi madogo sana: 参考 (ya rejea) au 模造 (ya kuiga). Aliyetengeneza hakuficha. Tuliofichwa ni sisi tusiosoma. Chukua lenzi uyatafute kwenye michoro ya stempu kabla ya kuuliza bei.

Kwa muhuri wenyewe, angalia mambo haya. Wino wa muhuri halisi umepanda kwenye stempu na kushuka kwenye karatasi bila kukatika ukingoni. Nguvu ya mkono haiko sawa pande zote, upande mmoja huwa mzito. Muhuri uliochapwa mashineni pamoja na stempu una weusi ule ule kila mahali na huishia kwenye ukingo wa stempu. Pima kipenyo kwa rula na ulinganishe na mihuri mingine ya ofisi hiyo hiyo. Tofauti ya milimita mbili si ya kupuuzwa.

Mihuri ya ukumbusho yenye picha, iliyoanza 1902 kwa kuadhimisha miaka 25 tangu Japani ijiunge na Umoja wa Posta, ni jambo jingine. Mingi yake ilipigwa kwa maombi ya wakusanyaji, kwenye karatasi ambazo hazikusafiri popote. Ni halali na ni mizuri, lakini kama unachunguza njia za barua itakujazia albamu bila kukuambia kitu.

Kuandika na kutunza

Kila kipande kiandikie mstari wake siku hiyo hiyo unapokipata: umbo la muhuri, maandishi yake kama yalivyo, tarehe kama ilivyo, tarehe uliyoitafsiri, na sababu ya tafsiri yako. Safu ya mwisho ndiyo ya maana. Mimi daftari langu la kwanza halikuwa nayo, ndiyo maana "1912" ilikaa pale miaka miwili bila kuulizwa. Usiandike juu ya kadi yenyewe, hata kwa penseli.

Hewa ya pwani ni adui. Unyevu wa Mombasa au Tanga unaleta ukungu wa kahawia kwenye karatasi, na gundi ya stempu inalainika na kushika kila kinachoigusa. Tumia mifuko ya plastiki ngumu isiyo na kemikali za kulainisha, si ile laini inayonuka. Simamisha bahasha kwenye kasha badala ya kuzilaza moja juu ya nyingine, weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na vikaushe mara kwa mara (vifuko, si bahasha!). Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Tazama pia wadudu wa karatasi kila mwezi, hasa wakati wa masika.

Ile kadi ya Kobe bado ninayo. Penseli ya muuzaji sijaifuta. Nimeweka kikaratasi nyuma ya mfuko wake: Taisho 10, 12 Novemba 1921, か bila nukta, sen 4.